Makopo Mawili ya Kijivu

Mjomba wangu ni fundi rangi, na kwa majivuno hana mpinzani. Miaka thelathini ameshika brashi, akiwacheka wateja wanaoshindwa kutofautisha nyeupe na krimu. Basi nilipohamia nyumba yangu, nani mwingine angepaka sebule?

Nilitaka kijivu iliyokoza. Dukani nilishindwa kuamua, nikabeba makopo mawili nilinganishe: moja lilikuwa na bluu kwa mbali, la pili lilielekea kwenye kahawia. Nilikwenda kazini bado sijachagua. Niliporudi jioni, mjomba alikuwa anaosha brashi huku anaimba. Ukuta ulikuwa nusu hivi, nusu vile.

"Kopo moja halikutosha," alisema. "Bahati ulinunua mawili ya aina moja."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mkewe, aliyekuja kumsaidia, alinikanyaga mguu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku hizi mjomba alikuwa anakataa kazi na kusingizia mgongo. Ningemwambia nini, kwamba macho yaliyomlisha yamekwisha?

"Imependeza, mjomba," nilisema, na roho iliniuma.

Miezi minane nikawa nawadanganya wageni kwamba ni mtindo mpya. Mmoja akaenda kuiga kwake, Mungu anisamehe. Mke wa mjomba naye hakuchoka kumsumbua mumewe mpaka akakubali kwenda hospitali, akatolewa mtoto wa jicho, kulia kwanza, kisha kushoto.

Jumapili moja wakaja kunitembelea. Mjomba alifika mlangoni akasimama.

"Mjinga gani kapaka ukuta huu?"

"Mjomba, kaa kwanza unywe chai."

"Chai baadaye. Nani?"

"Ni wewe."

Alisogea hadi pua ikakaribia kugusa ukuta. Akaweka kiganja upande mmoja. "Huku kuna bluu." Akahamia wa pili. "Huku kuna kahawia. Na hapa katikati nimepitisha mara mbili, ona uchafu huu! Naona!" Akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika kiti, na mkewe akawa anampigia kelele asijifikiche macho. Mimi nilicheka huku nalia, sijui kipi kilianza.

Nilimwomba anipakie upya kesho yake.

"Kaa kwenye foleni," alisema, simu tayari iko sikioni. "Haloo, mwalimu mkuu? Yale madarasa uliyoniomba nipake, umeshapata fundi? Basi usitafute. Nakuja kesho asubuhi, na rangi nachagua mwenyewe."