Dobi wa Vichwa

Kazini walimwita Dobi, naye hakukasirika, maana kufua ndiyo kazi yake. Ila yeye alifua picha za ubongo. Mgonjwa akishalala ndani ya mashine dakika nane, picha mia mbili na arobaini ziliingia kwenye kompyuta ya Dobi na taka zake zote: pumzi, mapigo ya moyo, kichwa kilichosogea. Programu ilizinyoosha zilingane, ikauvua ubongo fuvu lake, kisha ikachora mstari wa kuonyesha kichwa kilisogea kiasi gani. Mstari ukipita milimita tatu, na picha nzuri zisifike nusu, mgonjwa aliondolewa kwenye utafiti. Sheria ni msumeno, na Dobi alijivunia kuushika mpini.

Ndipo ikaja zamu ya mama yake, Mungu amweke pema. Mikono ilikuwa ikimtetemeka mwaka wa tatu sasa. Dawa za zamani zilishashindwa, na dawa mpya wangepewa waliobaki kwenye utafiti tu. Mlango mwingine haukuwepo.

Dobi alifungua faili la mama asubuhi. Milimita nne na nusu. Akatupa picha mbovu moja moja, zikabaki tisini. Akampigia simu.

"Mama, mle ndani ulikuwa unafanya nini?"

"Kwani nimefanya nini? Walisema nitulie, nisiwaze kitu. Sasa mwanangu, mtu anasukumwa kwenye shimo kama kaburi, linagonga kama mafundi bati, asimtaje Mungu? Nilisali tu, polepole, kwa midomo."

"Hiyo midomo ndiyo imetikisa kichwa, mama."

"Basi waambie nilikuwa naongea na mwenye kichwa."

Dobi akacheka, akaenda kwa mkuu wa utafiti kuomba mama apigwe picha tena.

"Foleni imejaa," mkuu akasema. "Nikimrudia mama yako, nitawarudia mama za watu wote. Halafu Dobi, siku hizi unafua na nguo za kwenu kwa sabuni ya ofisi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Akarudi kitini uso ukimwaka.

Kubadili ile tatu iwe tano kulihitaji kitufe kimoja, na hakuna ambaye angejua. Lakini mwezi uliopita alikuwa amemwondoa mzee mmoja, mkewe akalia ukumbini hadi akaishiwa sauti. Mke yule naye alikuwa mama wa mtu. Dobi akaomba Mungu amwonyeshe njia. Mungu akanyamaza, au pengine alishasema zamani. Akaandika: aondolewe.

Jioni akamwambia mama mwenyewe.

"Nani ameniondoa?" mama akauliza.

"Mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu, mama."

Hakulia wala hakumlaani. Akasema tu, "Haya," akajifunika shuka.

Aliishi miezi saba zaidi. Mwishoni hakuweza kushika kikombe, dada yake Dobi akawa ndiye wa kumnywesha. Dobi aliomba ruhusa kazini aje amnyweshe chai, akaipuliza, akakiinua kikombe mpaka mdomoni. Mama akageuzia uso ukutani, kwa upole, kama mtu aliyeshiba.

"Kiweke hapo, baba," akasema. "Dada yako atarudi saa kumi."