Marietha Aliyepigwa Mwanga

Mwaka 1975, sukari ilipoadimika madukani, Marietha aliambiwa anayo tele damuni mwake. Majirani walikunywa uji bila sukari. Yeye, mjane mkulima wa uwele wa kijiji cha ujamaa jirani na Ikungi, alijaliwa ziada isiyosubiri mgawo.

Ziada hiyo ilimharibia mishipa ya macho, damu ikawa inavujia ndani. Kwenye hospitali kubwa, mbali na Singida, daktari mgeni alikuwa na mashine ya mwanga mkali. Alimweleza kwamba mwanga ule huichoma mishipa inayovuja ikaziba, damu ikabaki kupita kwenye mizima. Kilichokwisha kupotea hakirudi, ila kilichobaki kinaokolewa. Wakachoma jicho la kulia. Kwa la kushoto arudi baada ya mwezi, asichelewe, maana mshipa ukipasuka hakuna fundi. Marietha alirudi nyumbani na furaha ya jicho moja na hofu ya la pili.

Siku hizo mtu hakutoka kijijini bila barua, asije akayakimbia maendeleo. Mwenyekiti Urbano, aliyependa kuandika kuliko kulima, akaiandika: "Ndugu Marietha anakwenda kupigwa na mwanga jicho la pili. La kwanza limepona."

Katibu Kata, Bwana Mazengo, alimjua mwanga mmoja tu, yule mchawi anayecheza uchi makaburini. Akaizuia barua. Taifa linajenga ujamaa, mama mtu mzima anaomba ruhusa ya kwenda kwa mchawi. Marietha alimweleza kuwa ni mwanga kama wa taa. Katibu akamjibu kwa upole kwamba wanga hawakosi maelezo.

Ikaundwa kamati. Ilikutana mara tatu katika miezi minne: mara mbili akidi haikutimia, ya tatu ikajadili mbolea. Kila asubuhi Marietha alifumba jicho la kulia, akalipima la kushoto kwa kutazama mlango. Asubuhi moja mlango haukuwepo. Alilia mpaka majirani wakaja.

Hatimaye wilaya ikathibitisha kwamba mwanga ni mwanga tu. Katibu alileta kibali mwenyewe, kina mihuri miwili. Alimkuta Marietha akipepeta uwele, akasimama kushotoni kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Marietha aligeuza kichwa chote kumtafuta. "Zunguka huku, baba. Upande huo hakuna mtu tena."