Lubugo Isiyo na Namba

Katika ofisi yetu ya serikali hununui hata ufagio bila namba. Kila kitu kina tarakimu zake nane kwenye mfumo wa manunuzi, na ukishazijaza, tangazo huwafikia wafanyabiashara waliojiandikisha chini ya namba hiyo tu. Kutafuta namba ni kazi yangu. Nimeifanya hadi nimechoka na kila kitu chenye jina.

Jumanne moja dereva wetu alifariki. Siku za mvua ndiye aliyenifikisha nyumbani Kisugu bila kuombwa, ingawa kwake kulikuwa Kasubi, upande mwingine kabisa. Ofisi iliahidi jeneza na lubugo, ile nguo ya gome la mti ambayo Baganda huwafunika nayo wafu wao. Mazishi yalikuwa Ijumaa.

Jeneza lilikuwa na namba. Lubugo haikuwa nayo. Nilitafuta kwenye vitambaa, lakini vyote vilikuwa vya kufumwa, na lubugo hupondwa kwa nyundo. Nikatafuta kwenye mbao. Nikampigia simu mkubwa wangu, akasema, "Weka inayofanana, tuendelee."

Ningeweza kwenda sokoni mwenyewe, na nilijua hivyo. Lakini ilikuwa jioni na macho yaliniwasha. Nikachagua "vitambaa vya kufungia", nikaongeza rangi ya kahawia, mita sita. Neno lubugo sikuliandika, nikihofia mfumo utakataa. Ulikubali mara moja. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Ijumaa asubuhi mzigo ulitukuta mlangoni mwa chumba cha maiti. Mjane aliufungua mwenyewe. Kilikuwa kitambaa cha gunia, kipya, cha kahawia, mita sita kamili.

Alinigeukia, akasema Kiswahili kwa kuwa anajua mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, ambako lugha ni Kiswahili, na Kiganda changu ni kibovu.

"Nyabo, bwana yangu ni unga wa posho, wa kutia kwa gunia?"

Nilisema pole mama, pole sana.

Majirani wa Kasubi walikuja na lubugo zao, mmoja mmoja, kama ilivyo desturi yao. Zilitosha na kubaki. Mimi nilirudi ofisini na gunia langu kwapani.

Jumatatu mfumo uliniuliza kama bidhaa iliyopokelewa inalingana na iliyoagizwa. Nililitazama swali hilo asubuhi nzima. Ililingana. Nikabonyeza ndiyo.