Sandali za Buluu za Bailo Bah

Kama kulikuwa na jambo ambalo Bailo Bah hakukubali kufundishwa na mtu yeyote pale Fouta, ni viatu. Kwa miaka ishirini na saba aliwatembeza wageni kwenye nyanda hizo za juu, siku tano, siku sita mfululizo, wakishuka magenge kwa ngazi za mianzi na kuvuka mito ya maji ya magotini, na kazi yote hiyo aliifanya kwa sandali za plastiki. Wageni walikuja na mabuti ya bei ya ng'ombe mzima. Siku ya pili ungewakuta wamekaa juu ya jiwe wanatumbua malengelenge, na Bailo anawatazama kwa huruma na raha. Tuseme ukweli, raha ilikuwa nyingi zaidi.

Basi siku ya tano tangu binti yake Hassatou ajifungue mtoto wa kiume, gidamu ya sandali yake ikakatika. Mtoto hupewa jina asubuhi ya siku ya saba, kondoo anapochinjwa, na kijiji cha wakwe kilikuwa chini ya genge, mwendo wa siku moja na nusu. Mjukuu wa kwanza alichukua jina la babu yake mzaa baba, Yéro Diallo. Huyu wa pili ilikuwa zamu ya Bailo, aliyezaa mabinti wanne na hakuwa na mtoto wa kiume wala mjukuu wa jina lake. Alilitaka jina hilo kuliko alivyopenda kukiri. Naye Diallo alikuwa ametuma ujumbe: "Mwambieni mtani wangu, kondoo akichinjwa kabla hajafika, jina la huyu nalo nalichukua mimi." Akina Bah na akina Diallo ni watani wa ukoo, na kwa utani wao mtu anaweza kunyang'anywa kitu huku anacheka.

Bailo akaenda sokoni kwa Mariama Kesso, muuza viatu. Akakunja soli mpaka ncha ikagusana na kisigino. Akapitisha kidole ndani kutafuta ukingo mkali utakaomchuna. Akamimina maji ya birika aone yanatokaje. Akapima nafasi ya kidole kimoja mbele, maana kwenye mteremko kucha ndizo zinazolipa. Mwisho akazivaa sandali, akafumba macho, akasimama kwa mguu mmoja katikati ya soko.

"We mzee, unanunua kiatu au unaoa?" Mariama akauliza.

"Mke nikikosea, ndugu watatupatanisha. Kiatu kikinikosea kwenye ngazi, nani atatupatanisha?"

"Haya. Unataka rangi gani?"

"Rangi haitembei. Nipe yoyote."

Akampa za buluu. Gunia zima lilikuwa la buluu.

Alfajiri akaondoka. Kwenye majani laini alikwenda peku, sandali zikining'inia kwenye mfuko wake, kwa sababu kwake kiatu kipya hakichoshwi bure, huvaliwa mwambani. Akalala kijiji kilicho ukingoni mwa genge. Kesho yake akasali alfajiri kwenye msikiti mdogo, akakaa karibu na mlango ili awe wa kwanza kutoka. Kiza kilikuwa bado hakijaondoka. Akachukua sandali zake mlangoni, akazitundika mfukoni, akakaza mwendo.

Saa nzima baadaye, juu ya ngazi, akaketi kuvaa. Ya kushoto ikaingia vizuri. Akaishika ya kulia, akaigeuza, akaigeuza tena. Nayo ilikuwa ya kushoto.

"Astaghfirullah," akasema Bailo.

Kurudi ni saa nzima, na jua lilishachomoza. Kwenda peku hakuwezekani, mawe ya chini yalikuwa makali kama mbuzi ya kukunia nazi. Akazivaa hivyo hivyo. Mguu wa kulia ukawa unavutwa kushoto kila hatua, na kila alipokusudia njia alijikuta anatazama kichaka. Kule chini wanawake waliokuwa wanafua mtoni wakaacha kazi.

"Baba, ngoma iko wapi?" mmoja akapaza sauti. "Nasi tuje!"

Alipofika, kondoo alikuwa bado amesimama anatafuna.

"Karibu, mla nyama!" Diallo akamlaki. "Mbona leo unatembea kama kaa? Una bahati, imamu hajafika. Jana alikwenda kuhani msiba huko juu, akalala huko huko. Na huyu mtu hachelewi kamwe."

Bailo akatazama miguu yake. Akavua sandali upesi, akazificha chini ya mfuko, akakaa mkekani na kufunika nyayo kwa joho.

Imamu akatokea taratibu na fimbo yake, amepinda upande, sandali za buluu miguuni.

"Nisameheni," akasema. "Kuna mtu, Mungu amsamehe, mimi bado, kaondoka na kiatu changu cha kushoto, kaniachia chake cha kulia."

Watu wakaangua kicheko. Diallo ndiye wa kwanza kumgeukia mtani wake.

Bailo angeweza kukaa kimya mpaka jina litamkwe. Lakini lilikuwa jina lake, na hakutaka mtoto alipokee kutoka kwa mwizi wa kiatu. Akainuka, akatoa sandali mbili, akaziweka mbele ya imamu.

"Ni mimi, Thierno," akasema, akimwita kwa cheo cha mashehe. "Nilikuwa na haraka."

Imamu akabadilisha moja, akajaribu, ikamkaa. Akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akamwuliza Diallo jina la mtoto, maana upande wa baba ndio unaosema.

Diallo akakohoa. Akatazama kondoo. Akatazama miguu ya Bailo, taratibu, mmoja baada ya mwingine.

"Bailo," akasema hatimaye. "Nani mwingine angekuja na miguu hiyo?"

Bailo akalia waziwazi, wala hakuona haya.

Mtoto huyo sasa anachunga ndama, lakini Diallo amehakikisha kwamba hakuna amwitaye kwa jina lake. Kila Ijumaa Bailo anapowatembelea, watu wakitoka msikitini, Diallo husimama mlangoni na kuita, "Kushoto-Kushoto!" Na wawili, babu na mjukuu, hutazama miguu yao kwanza.