Shika Mlingoti, Bwana Meneja

Mcha wa Makunduchi alikuwa na vidole viwili vilivyokunjika mkono wa kushoto, na wafanyakazi wa kinu cha unga kwa miaka kumi na mitatu waliviita vidole vya mwizi. Usoni hawakumwambia, wangethubutu wapi! Lakini kisogoni walisema, naye alijua. Chuki ile aliilea kama mtu anavyolea mtoto wa pekee.

Mwaka 1986 simu ya kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam ilikuwa ya kubahatisha. Unaiomba asubuhi, unaipata adhuhuri. Ndipo ukaletwa ungo mkubwa wa kurusha mawimbi kuvuka bahari, nao ulitaka paa refu. Refu kuliko yote lilikuwa la kinu cha unga. Mcha ndiye aliyeupandisha ghorofa sita kwa kapi na kamba, akaufunga kwenye mlingoti wa chuma. Kazi ya ethi, yaani ule mkanda wa shaba unaoshuka ukutani mpaka ardhini ili radi ipite humo isiguse mtu, aliichukua Abdulhakim, mnyapara wao. Akasema amefukia mita arobaini kwa mikono yake, na chumvi na mkaa juu, maana ardhi yetu ni mawe matupu, haimezi umeme kirahisi. Wakamwamini.

Wiki ile ile mkanda wa shaba wa akiba ukapotea stoo. Wenye ufunguo walikuwa wawili tu, Abdulhakim na Mcha. Abdulhakim huyo huyo, jamani, ndiye aliyetoa shauri isomwe Halbadiri, wafanyakazi wote wakakaa uwanjani kuitikia dua ya kumwapiza mwizi. Mcha aliitikia amina kwa sauti kuliko wenzake, masikini wa Mungu, hakuwa na la kuficha. Siku ya nne mvua ya masika ikamkuta juu ya paa ameshika mlingoti, na radi ikapiga. Walimshusha kwa kamba zile zile za ungo.

Basi kesi ikaishia hapo. Ethi si ipo, mita arobaini? Kwa nini basi radi imchague Mcha? Abdulhakim alilisema hilo mara moja tu, kwa upole, na likatosha. Mcha, hospitali na mkono wa kushoto umefungwa bendeji, vidole viwili vimekunjika, aliwaeleza wote waliokuja kumtazama kwamba radi imepita mwilini mwake kwa kukosa njia nyingine, kwamba huko chini hakuna shaba. Nani amsikilize mtu aliyekamatwa na Halbadiri?

Kazi alifukuzwa, akapata nyingine shirika la simu. Hilo angelimeza. Lililomkaa kooni ni mama yake, Bi Sichana. Hakumtukana mwanawe wala hakumfukuza. Alimpikia na kumfulia kama kawaida. Ila chochote alichokileta Mcha nyumbani, mkate, samaki, hata sukari ya chai, hakukitia mdomoni. Alikisogeza upande wa Mcha, yeye akala muhogo wa shamba lake. Miaka kumi na mmoja! Akafa mwaka 1997 hajaonja hata tende moja ya mwanawe. Mie nnasema, nani asingeweka kinyongo?

Mwaka 1999 ukaja ungo mpya, mkubwa zaidi, wa kufungwa mlingoti ule ule, na msimamizi wa mafundi ni Mcha. Meneja wa kinu je? Abdulhakim, na kitambi chake. Mhandisi Faiza, binti mgeni wa habari hizi, akauliza hali ya ethi. Abdulhakim akamjibu kuwa ni nzima, yeye mwenyewe shahidi, na uwanja wake usichimbwe kwa sababu ameshautia saruji. Faiza akamwambia Mcha aipime. Mcha alikuwa na kipimo mkobani, lakini akasema atapima ungo ukishapanda. Kipimo kingesema kweli kimya kimya, karatasini. Yeye alitaka watu.

Alingoja siku tatu. Siku ya nne, asubuhi, wingu zito lilipokusanyika upande wa bahari, akawaita juu ya paa wazee wote wa kinu waliokuwepo siku ya Halbadiri, akisema waje kuona kazi. Abdulhakim naye akapanda, anahema. Ngurumo ya kwanza ikasikika kwa mbali.

"Bwana Meneja," Mcha akasema, "umesema chini kuna mita arobaini za shaba. Basi shika mlingoti mpaka wingu lipite. Mimi nilishika."

Abdulhakim akacheka, na hakuna aliyecheka naye. Akasema ana presha. Akasema ana wageni wanamngoja ofisini. Macho ya wazee yalipozidi kumganda akanyoosha mkono, ngurumo ya pili ikaja karibu zaidi, na mkono ukarudi mfukoni upesi. Wazee wakautazama ule mfuko, kisha wakavitazama vidole vya Mcha. Wakashuka ngazi mmoja mmoja, na Faiza akaamuru saruji ivunjwe mvua ikikatika.

Ikavunjwa. Shaba iliingia ardhini urefu wa mkono mmoja tu, ikaishia hapo. Iliyobaki ilikuwa waya wa chuma, kutu tupu, unamomonyoka kwa kidole.

Abdulhakim akapiga magoti pale pale kwenye vifusi akaomba radhi, analia. Wazee, walewale waliosema kisogoni, nao wakamsihi Mcha asamehe, yaishe. Nisikudanganyeni, Mcha alifurahi. Aliyaangalia yale machozi bila haraka, kama mtu aliyealikwa chakula akafika ana njaa.

"Sikukosewa peke yangu," akasema. "Mama yangu yuko Makunduchi, kaburini. Nenda kamwambie chakula changu kilikuwa halali. Akishakujibu, njoo nikusamehe."