Sonata Tatu na Mkono wa Kushoto

Mwaka ule niliungua mkono mwezi wa pili, na mwezi wa tano mwalimu wangu wa piano akaniambia nichague sonata. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilifundisha darasa la tatu katika shule ya msingi upande wa Kenya wa Busia. Kila Jumamosi asubuhi nilivuka mpaka kwa miguu, nikapanda basi la Tororo, nikafundishwa piano kwa saa moja na nusu katika sebule ya mama mmoja wa Kigoa, mwenye asili ya Goa kule India, mke wa karani wa stesheni ya reli.

Mama huyo alinikuta kanisani kwetu siku aliyokuja kwenye ubatizo. Nilikuwa napiga nyimbo za misa kwenye kinanda cha kukanyaga, kile ambacho miguu inapuliza hewa huku mikono ikicheza. Alinisubiri mpaka watu wakatoka, akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia baba yangu, aliyekuwa katekista na sasa ni marehemu. Akasema, "Njoo Tororo Jumamosi." Nikaenda, na kwa miaka minne sikukosa ila nilipougua malaria na nilipoungua mkono.

Alizaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu sote wa mpakani. Mimi nilimwita Mwalimu, yeye aliniita mwanangu. Miguu ya piano yake ilisimama ndani ya makopo yenye mafuta ya taa ili mchwa wasipande, na wakati wa mvua aliwasha balbu ndogo ndani ya sanduku la piano mchana kutwa, unyevu usiharibu nyundo zinazogonga nyuzi. Mabehewa yalipogongana stesheni, vikombe vilitikisika kabatini. Yeye hakugeuza hata shingo.

Sonata ni kipande kirefu cha piano chenye sehemu tatu au nne, na mtu huchukua miezi mingi kujifunza. Nilikuwa nimeshajifunza mbili fupi. Ya tatu ndiyo ingekuwa ya mtihani wa daraja la nane, na mtihani huo ulikuwa na maana kubwa kwangu. Chuo kimoja cha ualimu huko Tororo kilikuwa kinatafuta mwalimu wa muziki, na mkuu wake alikuwa amemwambia Mwalimu kwamba nikifaulu, nafasi ni yangu. Ningefundisha muziki peke yake, kutwa nzima, mahali penye piano. Nilikuwa nikiwaza jambo hilo hata ninaposahihisha hesabu za watoto.

Kisha nikaungua. Tulikuwa tunawapikia watoto uji shuleni, na mpishi hakuja siku hiyo. Mimi na mwalimu mwenzangu tukaliinua sufuria kubwa kulitoa jikoni. Upande wake ukateleza, uji ukamwagika wote juu ya mkono wangu wa kushoto. Nilikaa hospitali wiki tatu. Ngozi ilirudi, lakini ilirudi ikiwa fupi. Kati ya kidole cha pete na kidole cha mwisho ilivuta kama kitambaa kilichoshonwa vibaya, na vidole hivyo viwili havikuachana tena.

Nilipomrudia Mwalimu nilivaa blauzi ya mikono mirefu. Akaniuliza kama mkono umepona. Nikasema umepona. Nilipiga mazoezi ya vidole mbele yake, na kwa kuwa hayo hayadai mkono ufunguke, hayakunisaliti. Alifurahi. Jumamosi iliyofuata aliweka vitabu vitatu juu ya meza, kimoja cha jalada la kijani, kimoja cha kahawia, kimoja cha kijivu.

"Mtihani unakubali moja ya hizi," akasema. "Ya kijani ni nyepesi kuliko zote, ukiicheza vizuri watakupitisha, ila hakuna atakayekukumbuka. Ya kahawia ni ngumu mwisho wake tu. Ya kijivu unaijua."

Niliijua. Aliwahi kuicheza mchana mmoja wa mvua akidhani nimeshaondoka, na mimi nilikuwa bado mlangoni nafunga viatu. Nilibaki nimeinama vile vile mpaka alipomaliza. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimwuliza lini nitaanza ile, naye akinijibu, bado.

"Sasa unaweza," akasema. "Lakini sikuchagulii. Chukua zote, kaa nazo wiki mbili, uniambie."

Nilizifungua kwenye basi. Sikuangalia wimbo. Niliangalia mstari wa chini tu, ule wa mkono wa kushoto, nikitafuta oktava. Oktava ni noti mbili zenye jina moja zinazopigwa pamoja, kidole gumba huku na kidole cha mwisho kule, vibao vinane mbali. Kitabu cha kijani kilikuwa nazo. Cha kahawia kilikuwa nazo zaidi. Cha kijivu kilijaa oktava, ukurasa baada ya ukurasa zilisimama kama nguzo za ua. Tulipofika Busia nilikuwa nimeshavifunga vyote.

Kwenye kizuizi afisa mmoja wa forodha wa upande wa Uganda akanisimamisha. Miaka ile walikuwa wameanza kukagua mizigo kwa makini.

"Dada, nakwenda wapi na kitabu kubwa hivi?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Nyumbani, afande. Ni vitabu vya muziki."

Akafungua cha kijivu, akakigeuza chini juu. "Hii naandika nini? Mimi naona vidudu tu."

"Ni wimbo wa piano."

"Kama ni wimbo, imba."

Watu walikuwa nyuma yangu na mizigo yao. Nikaimba mistari miwili ya sehemu ya pili, ile ya polepole. Alisikiliza akiwa ameshika kitabu kwa mikono miwili. Nilipofika mahali ambapo sauti inapanda, nikaacha kuimba.

"Hii ni ya matanga," akasema, akanirudishia. "Pita, dada. Pole."

Aliyenipa pole hakujua kilichonipata, na hiyo ilinifanya nilie njia nzima hadi nyumbani.

Jumatatu baada ya masomo nilikwenda kanisani, nikakaa kwenye kinanda, nikaweka kidole gumba cha kushoto juu ya kibao kimoja na kukivuta kidole cha mwisho kushoto kadiri kilivyokubali. Kilifika kibao cha sita. Nilijaribu kuinua kiwiko. Nilijaribu kuuinamisha mkono upande. Kibao cha sita. Nilitoa rula ya shule kwenye mkoba nikapima, kana kwamba rula ingenipa jibu jingine.

Nikaanza kuulazimisha mkono. Nilichonga kipande cha bua la mahindi, nikakipachika kati ya vile vidole viwili, nikakifunga kwa kitambaa. Nilikaa nacho nikisahihisha madaftari. Kesho yake nikachonga kinene zaidi. Nilijiambia kwamba ngozi ni kitu kinachonyooka, kwamba tumbo la mwanamke hunyooka, seuze mkono. Siku ya tano nilikuwa nacho saa nne mfululizo na sikusikia maumivu tena, nikadhani ni dalili njema. Siku ya saba ngozi ilipasuka.

Mama yangu mzazi ndiye aliyeona. Nilikuwa nachambua mboga kwa mkono mmoja, naye akaukamata ule mwingine akafungua kitambaa. Harufu ilikuwa imeshaanza. Alichemsha maji ya chumvi, akaosha kile kidonda, kisha akaniuliza kwa Kisamia, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, "Mwanangu, mkono huu umekukosea nini?"

"Haufiki, mama."

"Haufiki wapi?"

Sikuweza kumweleza. Mama hakuwahi kugusa kinanda. Nilimwonyesha juu ya meza, kidole hapa, kidole pale. Akatazama ule umbali mdogo wa meza, akatazama uso wangu.

"Hapo tu?"

"Hapo tu."

"Basi acha. Unafundisha watoto, unalala, unakula. Acha."

Nikamwambia siwezi kuacha, kwamba kama kazi ile itanipita nitabaki na darasa la tatu mpaka nizeeke. Maneno yalinitoka kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia kwake. Alimaliza kufunga bendeji, akaenda kumwaga maji nje, akakaa huko muda mrefu.

Jumamosi ya kuchagua ilipofika, nilikwenda. Njiani nilikuwa nimeamua kwamba nitataja ya kijani, kwa kuwa ilikuwa na oktava chache kuliko nyingine na pengine ningepata namna. Lakini nilipoketi na Mwalimu akaniuliza, mdomo wangu ukasema, "Ya kijivu."

Akafungua ukurasa wa kwanza. "Nipigie mkono wa kushoto peke yake. Polepole."

Nilivuta mikono ya blauzi mpaka kwenye vifundo vya vidole. Nilipiga noti ya chini, nikaruka haraka kupiga ya juu. Ya chini, ya juu. Ilisikika kama mtu anayechechemea. Kwenye mstari wa pili Mwalimu aliweka kiganja chake juu ya wangu, akaukunja mkono wa blauzi, akaona bendeji. Akaifungua. Akaona ngozi ilivyovuta, na kidonda.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu niungue."

"Na ulisema umepona."

Nikaanza kumsihi. Nilimwambia nitaziacha noti za chini, hakuna atakayejua. Nilimwambia nitafanya mazoezi mara mbili kwa siku. Nilimwambia amwandikie mtahini barua aeleze. Nilimshika nguo. Ninapokumbuka sasa ninaona haya, lakini siku ile sikuona haya hata kidogo.

Aliniacha nimalize. "Mwanangu," akasema, "mtahini atasikia noti ya chini ikikosekana kabla hajasikia kitu kingine. Nikikwambia vinginevyo nitakuwa nakudanganya. Mtihani huu hutaufanya mwaka huu. Na mkono huu nikiutazama, sidhani kama utaufanya hata baadaye."

"Ya kijani je?"

"Hata ya kijani."

Hakunikumbatia wala hakunipa chai. Alivuta kiti kingine akaketi kushoto kwangu, karibu na sauti nzito. "Umechagua ya kijivu," akasema. "Basi tuanze. Wewe piga unachofikia, mimi nitapiga kinachobaki." Na kwa kidole kimoja akaanza kupiga noti za chini nilizozikosa.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza sonata ile, kwa mwaka mzima na zaidi, bila mtihani wowote mbele. Watu wakisikia habari hii hudhani nilifarijika. Sikufarijika. Kila noti aliyonipigia ilinikumbusha kwamba si yangu. Kuna Jumamosi nilizomchukia kwa kidole chake kile kilichofika bila taabu. Nilikuwa nikirudi Busia nimechoka kama mtu aliyetoka kulima, na bado Jumamosi iliyofuata niliamka mapema nikavuka. Chuo kilipata mwalimu wa muziki kutoka kwingine. Nilisikia anacheza vizuri.

Mimi na Mwalimu tulimaliza sehemu ya kwanza na ya pili. Tulikuwa kurasa nne ndani ya sehemu ya mwisho mumewe alipopewa uhamisho. Mwalimu aliniambia kwa kifupi, akiwa amesimama, na watu wa reli walikuwa tayari wameleta mbao za kutengenezea sanduku la piano.

"Endelea na kinanda cha kanisa," akasema.

"Nani atapiga za chini?"

Nilimwona akitafuta jibu la kweli, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema maneno ya kujaza kimya. "Sijui, mwanangu," akasema.

Jumamosi mbili baadaye nilipanda basi la Tororo. Sikuwa na sababu. Nilijua nyumba ni tupu, lakini miguu yangu ilikuwa imezoea. Niliikuta si tupu. Familia nyingine ya reli ilikuwa imeshaingia, na mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni alikuwa anaanika matandiko dirishani. Aliniuliza namtafuta nani. Nikamwambia aliyekuwa akiishi hapa.

"Wameshaenda," akasema kwa upole. "Ulikuwa na shida naye?"

Nikasema hapana. Akanikaribisha maji ya kunywa, nikanywa nimesimama sebuleni, mahali ambapo sakafu ilikuwa bado na alama nne za duara za yale makopo. Kisha nikamshukuru nikarudi stendi.

Muhula uliofuata mwalimu mkuu alinipa darasa la saba, hesabu na Kiingereza. Nilikubali. Jumamosi nilianza kwenda shambani na mama, na majirani wakasema afadhali sasa nimetulia. Hawakukosea. Zile kurasa za mwisho za sonata sikuzifungua tena.