Kwa Papa Evode, pikipiki hulala kwanza

Saa moja asubuhi, umande haujakauka kwenye majani, na Papa Evode Habineza anaweka kiganja chake juu ya injini ya pikipiki kama mama anayempima mtoto homa. Kisha anatabasamu.

"Iko baridi," anasema. "Sasa tunaweza kuzungumuza."

Tuko Masisi-senta, nyuma ya nyumba ya mbao. Hapa ndipo fundi huyu hukagua pikipiki zilizotumika kabla hazijanunuliwa. Sharti lake ni moja na halina msamaha: pikipiki inayouzwa lazima ilale uani kwake. Majirani wanapaita oteli ya pikipiki, na wengine humuuliza kama wageni wake hupewa chai wakiamka.

"Muuzaji anaikimbiza kwanza mu njia, inafika hapa na joto," anaeleza. "Injini yenye joto iko na adabu, unaigusa tu inawaka. Ile yenye imelala mu baridi njo inasema kweli."

Mgeni wa leo ni pikipiki nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa. Anayetaka kuinunua ni Mama Umulisa, mfugaji mjane kutoka malisho ya juu. Ameuza ng'ombe ili mwanawe Gentil aweze kupeleka maziwa na jibini hadi Kashebere, upande wa Walikale. Muuzaji, aliyekaa juu ya gogo huku anatafuna jani, ni Valens. Anahitaji kuezeka nyumba, maana familia yake imerudi kutoka ukimbizini na kukuta kuta tupu.

Na hapo ndipo penye kazi, wasomaji wangu, kwa sababu Valens ni shemeji wa Evode. Amezaliwa tumbo moja na mkewe, Verdiane.

"Angalia muzuri, shemeji," Valens anasema kwa utani. "Usinitafutie magonjwa."

Evode hacheki. Anachuchumaa kwanza kwenye silinda. Imepakwa rangi mpya ilhali sehemu nyingine ya injini imefubaa. Anapitisha ukucha pale silinda inapokutana na injini, na ukucha unatoka na gundi ya kijivu. Kiwanda hakiachi gundi imefurika namna hiyo, anasema, huo ni mkono wa mtu aliyefungua akafunga kwa haraka. Anazitazama nati, na pembe zake zimelika.

Kisha anakanyaga kiki, taratibu, bila kuwasha. Kiki inamrudisha juu.

"Iko nasukuma muguu yangu," anasema. Valens anakohoa.

Dalili zote zinaelekea kwenye silinda iliyopanuliwa, na mtu wa nje anaweza kushangaa kuna ubaya gani. Katika vilima hivi, wenye pikipiki wengi hupanua silinda na kutia pistoni kubwa ili chombo kipande mlima na magunia. Nguvu kweli inapatikana. Lakini joto linaongezeka pia, na chuma kilichochongwa kinabaki chembamba. Anayebeba mbao karibu na kwake anaweza kudumu nayo miaka. Kwa safari ndefu ya kupanda, pistoni hung'ang'ania ndani ya silinda, gurudumu la nyuma linakwama, na dereva anaruka bila kupenda.

Evode hakuyasoma hayo popote. Alikuwa dereva wa pikipiki, na yake aliinunua kwa ng'ombe wa baba yake. Ilikuwa na nguvu za kutisha. Siku moja, kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya Kashebere, akiwa anaupanda na mzigo, ilikwama ikamtupa. Alivunjika mfupa wa bega. Ni mahali ambapo hakuna anayetaka kukutwa na giza, kwa hiyo aliiacha akarudi kwa miguu. Watu waliotumwa kuichukua walikuta majani yaliyolala tu; pikipiki ilikuwa imeibwa.

"Nililia kama mutoto," anasema, bila haya. "Si juu ya bega. Juu ya ile ng'ombe ya papa."

Kuanzia hapo aliingia ufundi, na kilima kile hajakipanda tena mpaka leo. Watu wa Kashebere akiwa na jambo nao huwatumia salamu.

Kipimo chake cha mwisho kinamchekesha kila mgeni. Anamwita mkewe, na Verdiane anatoka jikoni na kikombe cha plastiki kilichojaa maziwa nusu. Evode anakiweka juu ya kiti cha pikipiki, anawasha injini, na kuiacha ingurume palepale. Kwa nini asitumie maji?

"Maji haiachake alama. Maziwa inaandika," anajibu. Mama yake alikuwa akisukasuka maziwa kwenye kibuyu kutoa siagi, na yeye mtoto alijifunza kutazama pale weupe ulipofika. Pistoni nzito kuliko ile ya kiwandani hutikisa injini yote, na kikombe hakijui kuficha.

Injini inazimwa. Alama nyeupe imefika karibu na ukingo wa kikombe, na matone yametapakaa juu ya kiti.

Hukumu yake huitoa mbele ya mnunuzi na muuzaji pamoja, kila mmoja akisikia. Ujira wake ni dola mbili ama kipande cha jibini, na hulipwa na mnunuzi peke yake. Akilipwa na muuzaji, anasema, mdomo wake utakuwa wa muuzaji.

Sasa wakati wa hukumu umefika. Anamtazama mkewe, anamtazama shemeji yake. Jasho limemtoka na baridi yote hii.

"Mama Umulisa," anasema, "hii pikipiki walipanua silinda. Ku njia ya Kashebere haitamaliza miezi mingi. Mutoto wako itamutupa."

Valens anainuka. "Shemeji, umeniua! Mbele ya bantu! Mimi nilijua iko na nguvu, sikujua iko na ugonjwa. Nyumba yangu nitafunika na nini sasa, na majani ya ndizi?"

Mama Umulisa tayari amekaza fundo la kitenge chake, lenye pesa ya ng'ombe ndani. "Gentil njo mutoto niko naye peke yake," anasema kwa sauti ndogo. "Papa Evode, Mungu akubariki."

Wote tunamgeukia Verdiane, na kusema ukweli nilitamani kuwa mahali pengine. Mwanamke huyu anachukua kikombe, anakitazama, kisha anamtazama kaka yake.

"Mume wangu alifika hapa na miguu yenye damu," anamwambia. "Ni mimi niliisafisha. Ungetaka huyu mama asafishe ya nani?"

Valens anakaa tena juu ya gogo. Anafuta uso kwa kofia yake, na anapozungumza tena sauti imeshuka. "Basi itengeneze. Iache ilale."

Wanakubaliana hapohapo. Evode ataweka silinda na pistoni za kipimo cha kiwandani, bila ujira wa mikono. Valens atapunguza bei kwa gharama ya vipuri, na Mama Umulisa atangoja. Vipuri vinatoka Goma kupitia Sake, na barabara ikiwa na matatizo hakuna anayejua vitafika lini. Valens anaomba turubai la kufunikia nyumba kwa muda, na Evode anampa lile linalofunika pikipiki zake.

Kwa hiyo oteli imebaki bila paa. Ndoto ya Evode ni kujenga banda la mabati, wageni wake walale pakavu, na wauzaji wazoee kuleta pikipiki wenyewe bila kuburutwa na wanunuzi.

Lakini kabla ya banda kuna jambo jingine, maana Mama Umulisa naye ametoa sharti lake.

"Ikimalizika, wewe njo utaanza kuipeleka Kashebere," alimwambia fundi akiwa mlangoni. "Na bidoni zangu za maziwa juu. Ukirudi, nitamupa Gentil funguo."

Evode alishika bega lake la zamani, akatazama upande wa Walikale.

"Nitaenda," akasema. Verdiane akaingia ndani kumtafutia koti la safari, ingawa vipuri bado havijatoka Goma.